Chumba cha Picha: Maswali Yenu Kuhusu CT, MRI na Kompyuta Inayosoma Eksirei

Barua za safari hii zimekuwa nyingi kuliko kurasa nilizopewa na mhariri, kwa hiyo nimechagua zile ambazo swali lake limeulizwa na wengi. Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mteknolojia mionzi mstaafu. Nilianza kazi enzi za filamu na chumba cha giza, vidole vikinuka dawa ya kusafishia picha mpaka usiku, nikaimaliza wakati picha inafika kwenye skrini ya daktari kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa viatu. Daktari mimi siye. Wanaonitumia picha za vifua vyao kwa simu ili niwasomee waniwie radhi, siwasomei.

Shikamoo Mama. Nilianguka nikagonga kichwa, daktari akaniandikia CT. Binamu yangu alipokuwa anaumwa kichwa yeye alipelekwa MRI, ambayo naambiwa ndiyo ya kisasa na haina mionzi. Je, mimi nilipewa kipimo cha kizamani? Na hiyo mionzi niliyokula naitoaje mwilini? — Aliyegonga kichwa

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwa wasiozijua: CT ni eksirei zinazokuzunguka na kompyuta ikaziunganisha kuwa picha za ndani ya mwili, na MRI hupiga picha hizo kwa sumaku na mawimbi ya redio. Nianze na mionzi, maana nahisi ndiyo inayokunyima usingizi. Haikubaki. Eksirei za CT hupita mwilini mara moja, na mashine ikishazimwa hakuna cha kutoa, hakuna dawa ya kunywa, wala huna haja ya kukaa mbali na watoto. Kinachobaki ni uwezekano mdogo kwamba mionzi imejeruhi DNA ya seli fulani na mwili usiirekebishe sawasawa. Kwa sababu hiyo kiasi chake hupimwa na kuandikwa. CT ya kichwa ni milisiveti 2 hivi (milisiveti ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea). Mtu wa kawaida duniani hupata kwa wastani milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye hewa anayovuta, bila kuandikiwa na daktari yeyote. CT ya tumbo ni kubwa zaidi, 8 hadi 10 hivi. Picha moja ya kawaida ya kifua haizidi 0.1.

Ama habari ya uzamani, mashine hizi mbili ni marika. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Picha yenyewe ilikuwa na vidoti 80 kwa 80 tu, lakini madaktari waliona uvimbe ndani ya ubongo bila kufungua fuvu. Upande wa MRI, Paul Lauterbur alichapisha picha zake za kwanza mwaka 1973, na mwaka 1977 Raymond Damadian na wenzake wakapata picha ya kifua cha mtu mzima baada ya kumkalisha ndani ya mashine karibu saa tano. Kwa hiyo asikutambie mtu.

Tofauti iko kwenye kile ambacho kila moja inakiona. Wewe umegonga kichwa. Daktari anataka kujua upesi kama kuna damu iliyovuja na kama fuvu limepasuka. Damu mbichi kwenye CT hung'aa nyeupe, mfupa uliopasuka unaonekana, na kazi yote ni sekunde chache. MRI ya kichwa huchukua dakika ishirini na zaidi umelala bila kujitikisa, ndani ya sumaku, na mtu ambaye huenda damu inavuja kichwani hatumfungii humo tukamsubiri. Binamu yako swali lake lilikuwa tofauti. Maumivu yaliyodumu huhitaji kuona nyama laini ya ubongo yenyewe, na hapo MRI haina mpinzani.

Na CT nayo haikulala. Mwezi Septemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ya kwanza ya CT inayohesabu fotoni, yaani chembe za eksirei moja moja, iliyotengenezwa na Siemens. Kinasa mionzi cha kawaida hugeuza eksirei kuwa mwanga kwanza, kisha mwanga kuwa umeme, na kinachopatikana ni jumla tu. Ni kama kupima mfuko wa sarafu kwa uzito. Hiki kipya, kilichotengenezwa kwa fuwele ya kadimiamu na teluriamu, huhesabu sarafu moja moja na kusoma thamani ya kila moja. Mashine inaona mpaka vitu vya 0.2 mm, inatenganisha vizuri zaidi dawa ya kontrasti (ile inayochomwa ili mishipa ionekane) na chokaa iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, na mara nyingi inafanya hivyo kwa mionzi michache zaidi. Hiyo chokaa ya moyo ilitusumbua sana kazini: kwenye mashine za zamani inatapakaa weupe mpaka huoni kama njia ya damu iko wazi au imeziba.

Mama, nilipiga picha ya matiti. Ripoti imeandikwa kuwa picha zilisomwa "kwa msaada wa akili mnemba". Nimeudhika. Nilidhani nimesomwa na daktari. Niende nikadai zisomwe upya? — Si kompyuta mimi

Usidai kabla hujauliza jambo moja: kompyuta ilifanya kazi gani hasa katika kukusoma? Kuna hospitali ambako huchagua tu picha zipi daktari azitazame kwanza. Kuna ambako huchora alama mahali penye shaka. Kuna ambako hushika nafasi ya msomaji wa pili. Majibu yako hapo yanabadilika sana.

Nchi nyingi za Ulaya huwa na madaktari wawili wanaosoma kila mamografia (eksirei ya matiti) ya uchunguzi, kila mmoja peke yake. Huko Sweden watafiti, wakiongozwa na Kristina Lång wa Chuo Kikuu cha Lund, waliwagawa wanawake zaidi ya 105,000 kwa bahati nasibu. Nusu walisomwa kwa utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine picha zao zilipitia kwenye programu kwanza: ikisema hatari ni ndogo, daktari mmoja anasoma, ikisema hatari ni kubwa, wawili wanasoma na wanaonyeshwa panapotiliwa shaka. Kundi la programu lilipatikana na saratani 338, la kawaida 262. Kwa hesabu ya kila wanawake elfu moja, ni 6.4 dhidi ya 5.0. Walioitwa tena kwa hofu ya bure hawakuongezeka kwa kiasi cha kutajika, na kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44. Zingatia, dada yangu, kwamba hakuna mwanamke hata mmoja katika utafiti ule aliyesomwa na kompyuta peke yake.

Sasa nikuoneshe upande wa pili, ambao kwa mtu wa kazi yangu una raha yake. Tunapopiga eksirei ya kifua tunaweka kwenye pembe ya kaseti, ile sahani inayopokea picha, kipande kidogo cha madini ya risasi chenye herufi, kuonyesha kulia au kushoto. Kila idara ina vipande vyake: wengine vikubwa, wengine vimechakaa, wengine huviweka juu, wengine begani. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa programu iliyofundishwa kutambua nimonia. Ilifanya vizuri kwenye picha za hospitali zilizoifundisha, na ikalegea ilipopewa picha za hospitali nyingine. Kumbe ilikuwa imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, na miongoni mwa vitu ilivyokuwa ikivikodolea macho ni vile vipande vya herufi! Hospitali yenye wagonjwa wengi wa nimonia ikitambulika, programu inabahatisha "nimonia" na inapata alama.

Kwa hiyo swali la maana la kupeleka hospitalini kwako ni kama programu hiyo ilijaribiwa kwa wanawake wa aina yako na kwa mashine kama iliyokupiga wewe, na nani alitia sahihi ripoti. Kama kuna jina la daktari chini, umesomwa na daktari. Mahali ambako daktari wa picha hayupo kabisa hesabu ni nyingine: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linaruhusu programu isome eksirei za kifua badala ya mtu katika kutafuta dalili za kifua kikuu kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na anayetiliwa shaka anapimwa makohozi. Hapo mbadala wake ungekuwa picha kukaa bahashani bila kusomwa na yeyote.

Mama yangu, mimi ndiye mtoto wa kwanza. Wazazi wetu wamezeeka ila wana afya njema. Sisi watoto tumechanga tuwalipie MRI ya mwili mzima, ili kama kuna kitu kimejificha kipatikane mapema. Tuanze na kipimo kipi? — Kifungua mimba

Mwanangu, nia yenu imenigusa, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu najua jibu langu halitapendeza kwenye kikao chenu.

Kwanza elewa kinachotokea mtu mwenye afya akipita kwenye mashine yenye macho makali kiasi hicho. Anatoka na orodha. Figo ina kifuko cha maji. Ini lina kidoa. Tezi ya shingo ina kinundu cha milimita sita. Diski za uti wa mgongo zimetokeza, jambo ambalo kwa mzee ni kama mvi. Vingi vya vitu hivyo angezeeka navyo mpaka mwisho bila kujua vipo. Lakini vikishaandikwa kwenye ripoti, havifutiki. Daktari anayeona neno "kinundu" lazima afanye kitu: arudie picha baada ya miezi, au achome kontrasti, au aingize sindano achukue kinyama cha kupima. Nimewapokea watu wa namna hii mara nyingi. Walikuja mara ya kwanza wakitembea kwa madaha, wakarudi kwa picha ya marudio wameshika bahasha kwa mikono miwili.

Na wala si hofu tu. Korea Kusini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wenye afya walianza kupimwa saratani kwa wingi, na altrasaundi ya shingo ikawa inaongezwa humo kwa gharama ndogo. Kufikia 2011 saratani za tezi ya shingo zilizokuwa zinagunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993. Mwaka huo mmoja waligunduliwa watu zaidi ya 40,000. Je, vifo vilipungua? Havikusogea, vilibaki chini ya 400 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba wengi sana walipewa ugonjwa ambao usingewafikia kamwe. Karibu wote walifanyiwa upasuaji. Walipochunguzwa waliopasuliwa, asilimia 11 walikuwa wameharibika vitezi vinavyodhibiti kalsiamu mwilini, na asilimia 2 walipata kupooza kwa nyuzi za sauti. Hao ni watu walioingia wazima.

Utaniuliza, basi kupima mapema ni uongo? Sivyo. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 53,000, wote wa miaka 55 hadi 74, wote wavutaji sigara wa kutupwa au waliokuwa wavutaji. Waliopigwa CT ya mionzi midogo kila mwaka kwa miaka mitatu walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kawaida. Faida hiyo ni ya kweli, ni uhai wa watu. Lakini tazama walivyochaguliwa: umri fulani, hatari fulani, kiungo kimoja, kipimo kimoja, na mpango ulioandaliwa kabla wa nini kifuate. Hata hivyo, katika kila majibu 100 yaliyosema "kuna kitu", zaidi ya 96 hayakuwa saratani. Kama hali ni hiyo kwa wavutaji sigara wa miaka mingi, kwa wazazi wako wasio na dalili itakuwaje, tena mwili mzima kwa mpigo? Chuo cha radiolojia cha Marekani, ambacho wanachama wake ndio wangefaidika na biashara hiyo, kilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kwa watu wasio na dalili wala historia ya ugonjwa katika familia.

Ushauri wangu: huo mchango utumieni kuwapeleka wazee kwa daktari mmoja anayewajua, awaulize maswali, awapime presha na sukari, asikie kama baba alivuta sigara, kama kuna saratani iliyojirudia katika ukoo. Akikuta sababu ya picha, ataandika picha ya mahali fulani kwa swali fulani, na mteknolojia ataipanga mashine kwa ajili ya swali hilo. Karatasi ya ombi ikija imeandikwa "mwili mzima, kuangalia tu", sisi huku ndani hatujui hata tuanzie wapi.

Mheshimiwa, ni mwanafunzi wa fizikia. Kwa nini MRI inapiga kelele vile? Na kwa nini watu wanashindana kuongeza tesla? — Msoma sumaku

Uheshimiwa niachie wenyewe, niite Mama inatosha.

Kelele haitoki kwenye sumaku kubwa. Hiyo iko kimya na haizimwi, usiku na mchana, hata taa zikizimwa. Ndani yake kuna koili nyingine ndogo zinazobadilisha nguvu ya sumaku kidogo kutoka pembe moja hadi nyingine, ili mashine ijue kila ishara imetoka sehemu gani ya mwili. Umeme ndani ya koili hizo huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde, na waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa. Koili zinatikisika kwenye makazi yake, na mtikisiko huo ndio unaousikia. Unaweza kupita desibeli 100, ndiyo maana tunakuziba masikio. Kuhusu sumaku isiyozimwa, mlangoni tunakagua kwa ukali ambao watu huuona ni kero. Pini moja ya nywele iliyosahaulika inachomoka kichwani na kuruka yenyewe kuelekea katikati ya mashine, na mtungi wa oksijeni hufanya vivyo hivyo, ila huo unaua.

Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Zikiongezeka, viini vya haidrojeni mwilini vinavyoegemea upande wa sumaku huongezeka na ishara inakuwa na nguvu, kwa hiyo unaweza kuona vitu vidogo zaidi au kumaliza upesi zaidi. Hospitali nyingi zina tesla 1.5 au 3. Mwaka 2017 FDA iliruhusu mashine ya tesla 7 itumike kwa wagonjwa. Na mwaka 2024 Wafaransa wa CEA, taasisi yao ya utafiti wa nishati ya atomiki, pale Saclay karibu na Paris, walionyesha picha za ubongo wa watu kwa mashine yao iitwayo Iseult: tesla 11.7, sumaku ya tani 132, nyaya zenye urefu wa kilomita 182 zilizopozwa kwa lita 7,500 za heliamu mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Picha zina vidoti vya 0.2 mm kwa unene wa milimita moja, kwa dakika nne tu. Kabla ya kuwaingiza watu, walipiga kwanza picha ya boga. Mafundi wote duniani ni wamoja.

Binafsi, mashine iliyonisisimua zaidi iko upande mwingine kabisa. Kampuni ya Hyperfine ya Marekani iliruhusiwa mwaka 2020 kuuza MRI ya tesla 0.064, yenye magurudumu, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Picha zake zina ukungu, siwezi kukudanganya. Lakini inasukumwa mpaka kitandani kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, na swali likiwa "je, maji yamejaa kichwani mwa mtoto huyu?" au "je, ubongo umesukumwa upande mmoja?", ukungu huo unajibu. Kumhamisha mgonjwa wa namna ile mpaka chumba cha sumaku ni kazi ya watu watano na mitungi na nyaya, na moyo wa kila mmoja uko mdomoni mpaka arudishwe.

Nimesoma kwamba sasa mashine inasoma mawazo. Mume wangu anasema ni uongo. Nani mkweli? — Mke wa mbishi

Mumeo ana haki kwa sehemu kubwa, ila usimwambie nimesema mimi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha mwaka 2023 programu iliyojaribu kuandika maana ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza akiwa ndani ya MRI. Lakini kila mshiriki ilibidi kwanza alale mashineni saa 16 akisikiliza hadithi ili programu imzoee yeye. Iliyomzoea mtu mmoja haikufaa kwa mwingine, na mhusika akiamua kufikiria mambo mengine kwa makusudi, inaharibikiwa. Mashine hiyo haioni wazo. Inaona damu yenye oksijeni ikiongezeka sehemu ya ubongo inayofanya kazi, sekunde kadhaa baadaye. Mwaka 2009 watafiti walimwingiza samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zikatoa doti la "shughuli" kichwani mwake. Walitaka kuwaonyesha wenzao kwamba takwimu zisipokazwa, hata maiti atafikiri.

Baba ana saratani ya tezi dume iliyotibiwa, sasa kipimo cha damu PSA kimeanza kupanda tena. CT na picha ya mifupa hazionyeshi kitu. Daktari ametaja "PET ya PSMA" na kwamba pengine kuna dawa inayofuata njia hiyohiyo. Tunaomba utufafanulie taratibu. — Watoto wake

Poleni, na mpeni mzee salamu zangu.

CT na MRI huonyesha umbo. PET huonyesha shughuli. Mgonjwa huchomwa dawa kidogo sana yenye mionzi, inasafiri na damu mpaka kwenye seli za aina fulani, na mashine inanasa mionzi inayotoka humo. Ile inayotumika zaidi ni sukari iliyofungwa na florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Ndiyo maana ukichelewa foleni kwa saa mbili, dozi yako imekwisha nusu na mteknolojia amenuna. Baada ya sindano tunamwambia mgonjwa alale, asiongee, asitafune kitu. Wengi hudhani ni ukali wetu. Msuli unaofanya kazi unakula sukari: anayepiga soga kwa simu, koo lake linawaka kwenye picha, na daktari anabaki akijiuliza pale pana nini.

Saratani ya tezi dume kwa kawaida si mlaji mkubwa wa sukari, kwa hiyo PET hiyo ya kawaida ingeweza kuipita. Lakini seli zake nyingi zina protini iitwayo PSMA juu ya ngozi yake. Wanasayansi walitengeneza molekuli inayoshika protini hiyo, wakaibebesha galiamu-68, na Desemba 2020 FDA ikaidhinisha. Picha hii inaweza kuonyesha kitezi cha milimita chache chenye saratani, ambacho CT hukiona cha kawaida kwa kuwa hakijavimba. Hicho ndicho daktari wenu anachokitafuta: PSA inasema kuna kitu, picha za umbo zinasema hakuna, na matibabu hutegemea kama kitu hicho kiko mahali pamoja au kimetawanyika.

Sehemu ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Ukiitoa galiamu na kuweka luteshiamu-177, ambayo mionzi yake husafiri masafa mafupi na kuua seli, unapata tiba inayokwenda palepale picha ilipoonyesha. Iliidhinishwa Machi 2022, wakati ule kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa na dawa nyingine za homoni na kemikali zimekwisha kushindwa. Katika utafiti wa wagonjwa 831, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 15.3, dhidi ya 11.3 kwa wale wa matibabu ya kawaida pekee. Nawapa namba zenyewe ili mtu asiwauzie muujiza. Ni miezi minne, na ilipatikana kwa watu walioumwa sana. Mdomo kukauka ni malalamiko ya kawaida, maana tezi za mate nazo hushika dawa hiyo. Kama PET ya mzee haitawaka, luteshiamu haitamsaidia, kwa kuwa haina pa kushika. Muulizeni daktari mapema: picha ikionyesha sehemu moja tutafanya nini, ikionyesha nyingi tutafanya nini, na isipoonyesha kitu je? Kama jibu ni lilelile kwa yote matatu, hapo mna haki ya kuuliza picha ni ya nini.

Nina bahasha kubwa za filamu za miaka mingi na CD mbili za CT. Kabati limejaa. Nizitupe? — Mwenye kabati dogo

Usitupe, tafadhali! Daktari akiona kidoa kwenye pafu, swali lake la kwanza ni kama kilikuwepo zamani. Kinundu ambacho hakijabadilika ndani ya miaka kadhaa kwa kawaida kinakuepusha na sindano, na ushahidi wake ni hiyo CD yako. Ripoti ya karatasi peke yake haitoshi, maana daktari hupima mwenyewe kwa milimita, picha kwa picha. Nakili CD hizo kwenye kompyuta na uache folda nzima kama ilivyo, bila kuchomoa picha moja moja, kwa sababu faili za hospitali hubeba ndani yake jina, tarehe na vipimo. Filamu zisimamishe wima mahali pakavu, zisibanwe na jua lisizipige. Zikianza kushikana usizivute kwa nguvu. Na siku ya kipimo kipya, mkabidhi mteknolojia kabla hujapanda kitandani. Ukimletea daktari wiki moja baadaye, ripoti imeshaandikwa na itabidi iandikwe tena.